Wimbo Huu ni wa Nani? Muziki Halali kwa Kionjo cha Kitabu

Ijumaa jioni rafiki yangu, mwandishi wa riwaya anayeishi Tanga, alipandisha mtandaoni kionjo cha kitabu chake kipya. Dakika moja na nusu tu: bahari usiku, taa ya karabai, mkono wa mwanamke unaokunja barua, na chini ya picha hizo taarabu ya zamani, ile ya fidla na udi, ambayo marehemu mama yake alikuwa haikosi redioni. Jumamosi asubuhi kionjo kilikuwa bado kipo, ila bubu. Picha zinapita, sauti hakuna. "Ndugu yangu, wamenikata ulimi," aliniambia kwenye simu. Nilimuuliza swali moja tu: wimbo ule ni wa nani? Akakaa kimya, kisha akasema, "Si wa zamani?"

Jibu hilo nimelisikia kwa waandishi, wachapishaji wadogo, hata vijana wa studio wanaojua kila kitufe cha programu ya kuhariri video. Wa zamani. Wa kwetu. Wa bure, niliukuta mtandaoni. Hakuna hata moja kati ya hayo linalotaja mwenye mali, na anayetafuta muziki halali wa kionjo hana kazi nyingine ila kumjua mwenye mali na kujua amekuruhusu nini, kwa matumizi gani, wapi, na kwa muda gani.

Kwanza neno lenyewe. Wengi husema trela ya kitabu, kama wanavyosema trela ya filamu. Mimi trela nikilisikia naona lori linapanda mlima Kitonga. Kionjo ni neno la watangazaji wa redio na televisheni, na linafaa zaidi: msomaji anaonjeshwa, sufuria haipakuliwi. Tofauti kubwa kati ya kionjo cha filamu na cha kitabu ni mfuko. Filamu huwa na mtu anayelipwa kufuatilia ruhusa za muziki. Kitabu kina mwandishi, ambaye ndiye mwongozaji, mpigapicha na mnunuzi wa bando. Kwa hiyo muziki hufikiriwa mwisho, usiku wa kuamkia uzinduzi, kwa kuchota chochote kilicho karibu.

Wimbo uliorekodiwa una milango miwili, na kila mlango una ufunguo wake. Wa kwanza ni utunzi, yaani maneno na mahadhi, na mwenyewe ni mtunzi, warithi wake, au kampuni aliyoiuzia. Wa pili ni rekodi, ile sauti iliyonaswa siku fulani katika studio fulani; mara nyingi mwenyewe ni aliyegharimia studio, na waimbaji na wapigaji nao wana haki zao ndani yake. Sheria ya Tanzania, Namba 7 ya mwaka 1999, inaziita haki hizi mbili kwa majina mawili, hakimiliki na hakishiriki, na majina hayo peke yake yangetosha kutukumbusha kwamba tunabisha hodi kwa watu wawili. Ukimwalika mpigaji akaurekodi upya wimbo wa mwingine, unahitaji ufunguo wa utunzi na maelewano na mpigaji huyo. Ukichukua sauti ya rekodi ya zamani, unahitaji funguo zote mbili. Na kuupandisha wimbo juu ya picha ni matumizi yanayoombewa ruhusa yake, tofauti na ruhusa ya kuupiga ukumbini.

Hapo ndipo risiti za vyama vya kukusanya mirabaha zinapowapotosha watu. Nchini Kenya kumekuwa na MCSK kwa watunzi, KAMP kwa wazalishaji wa rekodi na PRISK kwa waimbaji na wapigaji. Leseni ambayo watu wengi wanaijua kutoka kwao ni ile ya kupiga muziki hadharani: hotelini, baa, kwenye matatu, redioni. Hoteli unakozindulia kitabu ikiwa na leseni hiyo, muziki utapigwa wageni wakinywa chai. Haikupi ruhusa ya kuushona wimbo kwenye video yako. Kwa hilo unamtafuta mwenye wimbo moja kwa moja, au kampuni inayousimamia. Ofisi za hakimiliki, yaani COSOTA ya Tanzania Bara, COSOZA ya Zanzibar na KECOBO ya Kenya, zina msaada mwingine ambao hautumiki vya kutosha: ni mahali pa kwanza pa kuuliza kazi fulani imesajiliwa kwa jina la nani. Zanzibar, kwa wasiokumbuka, ina sheria yake yenyewe ya mwaka 2003, kwa hiyo anayetafuta taarabu ya Unguja asiishie Dar es Salaam.

Niziondoe njiani imani tatu za kijiweni. Hakuna sheria inayosema sekunde 30 za wimbo, au 15, au 10, ni bure. Kuandika "haki zote ni za msanii" chini ya video hakukupi ruhusa. Ni sawa na kuchukua baiskeli ya jirani ukamwachia kikaratasi cha kukiri kwamba ni yake. Na ule mwanya ambao sheria zetu zinauacha kwa uhakiki, habari na mafunzo haukukusudiwa tangazo la kuuzia kitabu, hata kama kitabu chenyewe ni cha hadithi za kuwafunza watoto.

Sasa turudi kwa wa zamani, maana hapa pana utajiri na pana mitego. Tanzania, Kenya na Uganda zinalinda utunzi kwa muda wa uhai wa mtunzi na miaka 50 baada ya kifo chake, ikihesabiwa kutoka mwisho wa mwaka aliofariki. Rekodi nayo ina miaka 50 yake. Mtunzi akishapita muda huo, kazi yake inakuwa mali ya umma, na mtu yeyote anaweza kuitumia bila kumwomba mtu.

Mchukue Salum Abdallah, kiongozi wa Cuban Marimba ya Morogoro, aliyefariki kwa ajali ya gari mwaka 1965. Miaka 50 yake ilikwisha mwisho wa 2015. Nyimbo alizotunga mwenyewe zimefunguka kwa sheria ya Tanzania, na rekodi zilizotoka akiwa hai nazo zimepita umri. Kwa mwandishi anayeandika riwaya ya miaka ya uhuru, ya vijana wa suruali pana na dansi la Jumamosi, hiyo ni hazina iliyolala wazi.

Mbaraka Mwinshehe wa mji huohuo ni kisa kingine. Alifariki Januari 1979. Rekodi zake za mwanzoni mwa miaka ya 1970 zimeshatimiza miaka 50, lakini utunzi wake unabaki mikononi mwa warithi hadi mwisho wa 2029. Mlango mmoja uko wazi, wa pili umefungwa, na mlango mmoja haukuingizi ndani. Hali ni hiyohiyo kwa Mwenda Jean Bosco wa Katanga, mpiga gitaa aliyerekodiwa na mkusanyaji wa muziki Hugh Tracey mwaka 1952 na ambaye bado anasikilizwa na kila anayependa gitaa kavu: rekodi ni ya kikongwe, lakini mtunzi alifariki 1990, na hesabu ya miaka 50 inatufikisha 2040. Umri wa sahani ya santuri, basi, haukwambii lolote mpaka ujue mtunzi alikufa lini.

Mwimbaji wa taarabu Siti binti Saad ndiye anayewavuta zaidi waandishi wa pwani, na si ajabu. Mwaka 1928 yeye na wenzake walisafiri hadi Bombay kurekodi sahani za santuri, na alifariki 1950. Ukihesabu kwa haraka utasema nyimbo zake ziko huru tangu 2001. Tatizo ni kwamba Siti hakuwa peke yake. Kundi lake lilikuwa na watu kama Mbaruku Effandi, Maalim Shaaban, Buda bin Mwendo na Subeti Ambari, na nyimbo zilizaliwa katika mikutano yao. Kazi ya watunzi wengi huhesabiwa kutoka kifo cha yule aliyebaki wa mwisho. Asiyejua nani alitunga ushairi na nani alitia mahadhi hajamaliza hesabu, hata kama jina la Siti ndilo lililoandikwa kwenye sahani.

Halafu kuna bahari ya Atlantiki. Kionjo hakikai Tanga wala Morogoro. Kinawekwa kwenye mitandao ambayo mingi ni ya kampuni za Marekani, nazo zinapopokea malalamiko hutazama kwanza sheria ya kwao. Marekani ilibadili mwaka 2018 hesabu ya rekodi za zamani: zilizotolewa kati ya 1923 na 1946 hukaa miaka 100; za 1947 hadi 1956 hukaa miaka 110; na zilizofuata, hadi Februari 15, 1972, zimefungwa zote mpaka Februari 15, 2067. Utunzi wa enzi hizo nao kwao huhesabiwa miaka 95 tangu ulipotolewa, si tangu mtunzi alipokufa. Kwa hiyo sahani ya Siti iliyotoka 1928 itafunguka huko Januari 1, 2029, na rekodi ya Salum Abdallah ya mwaka 1960, ambayo Morogoro haina tena mwenyewe, iko kifungoni California kwa zaidi ya miaka 40 ijayo.

Tufanye nini na habari hiyo? Sidhani inafaa kumtisha mtu asiguse muziki wa babu zake. Lakini ni lazima ajue hatari iko wapi. Rekodi nyingi za zamani zimetolewa upya na kampuni za Ulaya na Marekani, zikaingizwa kwenye mitambo ya utambuzi wa sauti ambayo husikiliza kila video inayopandishwa na kuilinganisha na hifadhi yake. Mtambo haujui 1965 ni mwaka gani. Unajua sauti hii inafanana na sauti ile, na sauti ile imesajiliwa na kampuni fulani. Ukimpa kijana gitaa akapiga upya mahadhi ya Salum Abdallah, mtambo una sababu ndogo zaidi ya kuinuka, na nyumbani uko salama kisheria, ingawa ukikiuza kitabu Marekani neno la utunzi bado lipo. Mimi ningechagua hivyo: kurekodi upya, si kukwangua sahani.

Na kuna nyimbo ambazo hata uwe na fedha, ningesema ziache. "Malaika" ndio wa kwanza. Kila anayetengeneza kionjo cha hadithi ya mapenzi Afrika Mashariki huuwazia. Fadhili William aliurekodi Nairobi miaka ya 1960 na jina lake ndilo lililosambaa nao duniani, ukaimbwa na Miriam Makeba, Boney M na Angelique Kidjo. Lakini Adam Salim naye alidai hadi uzeeni kwamba ndiye aliyeutunga, na si yeye peke yake aliyedai. Barua ya ruhusa utaipeleka kwa nani? Wimbo wenye mabishano ya nasaba ni kama kiwanja chenye hati mbili. Anayekuuzia anaweza kuwa mkweli kabisa na bado ukavunjiwa nyumba.

Kuna wanaodhani wameukwepa mtego wote kwa kukimbilia ngoma za asili. Mdundiko hauna mtunzi, wanasema, sindimba ni ya Wamakonde wote, msewe ni wa Wapemba wote. Ni kweli hakuna mtu mmoja wa kumlipa, lakini sheria haikuziacha bila mlinzi. Sheria ya Tanzania ya 1999 ina sehemu yake kwa ajili ya sanaa za jadi, na inataka ruhusa pale zinapotumiwa kwa faida nje ya mazingira yake ya kawaida. Kenya ilikwenda mbali zaidi kwa kutunga mwaka 2016 sheria maalumu ya kulinda maarifa na sanaa za jadi, ambapo jamii yenyewe ndiyo mwenye mali. Juu ya hapo kuna jambo ambalo watu husahau: ngoma uliyoikuta mtandaoni ilirekodiwa na mtu, pengine mtafiti, pengine kituo cha redio, pengine bwana harusi. Jadi inaweza kuwa ya wote na rekodi ikawa ya mmoja. Hifadhi kama ile iliyoanzishwa na Tracey huko Afrika Kusini mwaka 1954 haigawi sauti zake kwa kila apitaye, inaombwa.

Muziki wa wazungu wa kale, Bach na Beethoven, una urahisi wake, na nitapita haraka. Utunzi uko huru kila mahali. Rekodi ya okestra ya mwaka juzi haiko huru. Wapo waliolitatua hilo kwa makusudi: Musopen ilichangisha fedha mwaka 2010 ili kurekodi kazi za kale na kuzitoa kwa umma, na mwaka 2012 mpiga piano Kimiko Ishizaka alirekodi Goldberg Variations za Bach na kuziachia kabisa. Ukitumia hizo, weka kumbukumbu ya ulikozitoa, maana mtambo hukosea. Mwaka 2018 mpiga piano Mwingereza James Rhodes alijirekodi nyumbani akipiga Bach, akaiweka Facebook, na kampuni ya Sony ikadai sekunde 47 za sauti hiyo ni zake. Bach alikufa 1750. Dai liliondolewa baada ya kelele, lakini Rhodes ana wafuasi wengi wa kumpigia kelele. Mwandishi wa Tanga hana. Binafsi naona pia piano ya Leipzig chini ya picha za mashua ya Pangani ni ndoa ya kulazimishana.

Sasa leseni huria, zile za Creative Commons, ambazo zimekuwapo tangu 2002. Wengi huona herufi CC wakadhani maana yake ni chukua. Herufi zinazofuata ndizo zenye kauli, na kwa kionjo cha kitabu kila moja ina uzito wake. BY inataka umtaje mtunzi, kazi na leseni, basi. Hiyo ndiyo rafiki yako. NC inakataza matumizi ya kibiashara, na kionjo kinauza kitabu, hata kama kimeuza nakala tatu. ND inakataza kuibadili kazi. Hapa wengi hujitetea: sikubadili chochote, nimeuweka wimbo mzima kama ulivyo. Lakini maandishi ya leseni yenyewe yanasema waziwazi kwamba muziki ukiunganishwa na picha zinazotembea kwa mpangilio wa wakati, hiyo tayari ni kazi iliyobadilishwa. Kwa hiyo ND haifai kwa video kabisa. SA, kwa sababu hiyohiyo, inakutaka ukitoe kionjo chako chote kwa leseni ileile, na mchapishaji akishagundua kwamba yeyote anaweza kukikata na kukishona upya, atakuwa na maneno. CC0 ndiyo isiyo na masharti. Ukichuja hivyo, kwenye hifadhi kama Free Music Archive unabaki na sehemu ndogo ya ulichokiona mwanzo, ila hiyo ndogo inatumika. Kevin MacLeod wa Marekani ameachia vipande vingi sana kwa BY, na kasoro yake ni hiyohiyo: umeshavisikia kila mahali, kwenye video za mapishi na za mafundi simu.

Maktaba za kulipia nazo zina neno linalodanganya: bila mrabaha. Bila mrabaha si bila malipo. Maana yake ni kwamba unalipa mara moja, au kwa usajili wa mwezi, na hudaiwi tena kila video inapotazamwa. Ni njia safi, na kwa mchapishaji mwenye vitabu 10 kwa mwaka ningeishauri bila kusita. Soma mambo matatu tu: je, leseni inaruhusu tangazo la kulipia au kuweka tu kwenye ukurasa wako, je, usajili ukiisha video iliyokwisha kutoka inabaki halali, na leseni ni kwa jina la nani, mwandishi au yule kijana aliyehariri. Hili la tatu limewaumiza wengi. Mhariri ana usajili wake, anamaliza kazi, anahama mji, na mwandishi hana hata karatasi moja ya kuonyesha. Tatizo jingine la maktaba hizi si la sheria. Tafuta humo muziki wa Afrika Mashariki. Utaletewa marimba na sauti ya kuitikia, muziki wa simba na machweo. Ala kama kanuni na udi utazipata chini ya jina la Arabuni.

Sauti za ndani ya mitandao yenyewe, zile unazozichagua kwenye TikTok au Instagram, zimeruhusiwa kwa watu binafsi wanaojifurahisha. Akaunti ya biashara hupewa rafu yake ndogo ya muziki wa kibiashara, na sababu ni hiyo. Na ruhusa hiyo haitoki nje ya mtandao wake: kionjo ulichokitia wimbo wa TikTok hukipeleki kwenye televisheni wala kwenye skrini ya maonyesho ya vitabu.

Muziki wa akili bandia umeingia mlangoni tunapozungumza, na vijana wanaupenda kwa sababu unatoka ndani ya dakika moja. Mtambo wa Suno katika huduma yake ya bure hauruhusu matumizi ya kibiashara. Juni 2024 kampuni kubwa za rekodi ziliishtaki Suno na mwenzake Udio kwa kufundishia mitambo yao nyimbo za watu. Na ofisi ya hakimiliki ya Marekani imesema kwamba maelekezo ya maandishi peke yake hayamfanyi mtu kuwa mtunzi, yaani wimbo wako wa mashine jirani anaweza kuuchukua na huna cha kumshtakia. Nimesikia taarabu iliyotungwa na mashine. Kiswahili chake kilikuwa sawa na fidla zilikuwa safi, lakini hakuna aliyekuwa amesutwa. Taarabu isiyo na wa kusutwa ni muziki wa lifti.

Wengine hununua biti kwa prodyuza wa mtaani, na hilo si baya. Muulize jambo moja kabla ya bei: ndani ya biti hii kuna kipande cha wimbo wa mtu? Prodyuza wengi hukata sekunde mbili za rumba ya zamani, wakazigeuza, wakazirudisha. Anayebanwa baadaye ni yule aliyeweka jina lake kwenye video.

Baada ya kuzunguka kote huko, mimi nimefika kwenye msimamo ambao huenda utaonekana wa kizamani: kwa kitabu cha Kiswahili, njia fupi kuliko zote ni kumwajiri mpigaji. Kionjo kinahitaji sekunde 60 hadi 90 za muziki, si albamu. Unguja kuna Dhow Countries Music Academy, chuo kinachofundisha udi, kanuni na fidla tangu 2002. Wahitimu wake wako kila ukumbi wa pwani. Mombasa na Lamu wapo, Dar es Salaam wapo, Bujumbura na Lubumbashi kuna wapiga gitaa ambao hawajawahi kuombwa kazi ya namna hii. Mpigaji anasoma sura moja ya kitabu, anatunga kipande chake, anarekodi kwenye studio ya kawaida, na milango yote miwili inafunguka kwa ufunguo wa mtu mmoja ambaye unaweza kumpigia simu.

Lakini andikeni. Sheria zetu hazitambui kuhamisha hakimiliki kwa maneno ya mdomo, na kushikana mkono hakuachi ushahidi. Ukurasa mmoja unatosha: majina ya pande mbili, jina na urefu wa kipande, tamko la mpigaji kwamba ametunga mwenyewe na hakuna kipande cha mwingine ndani, ruhusa ya kukiunganisha na video na kuieneza mtandaoni, redioni, kwenye televisheni na ukumbini, duniani kote, bila kikomo cha muda, kiasi kilicholipwa, jinsi jina lake litakavyotajwa. Usimnyang'anye utunzi wake. Unahitaji ruhusa, huhitaji umiliki, na mpigaji anayebaki na wimbo wake ana sababu ya kukutangazia kitabu kila anapoupiga. Mwekeeni kifungu kwamba hatauingiza kwenye mtambo wa utambuzi kwa namna itakayokifunga kionjo chenu. Wasanii chipukizi husambaza nyimbo zao kupitia mawakala, na mtambo wa wakala utamshika hata aliyelipa.

Na kama hata fedha ya mpigaji haipo, sauti zipo. Simu yako inanasa mawimbi, mvua juu ya bati, kinu, charahani, mlango wa mbao wenye komeo kavu. Nasa usiku, mbali na redio ya jirani, maana wimbo ukisikika kwa nyuma umerudi ulikotoka. Kwa riwaya ya kijasusi au ya mauaji, mlango huo mmoja unaofunguka polepole hauhitaji fidla.

Rafiki yangu alikifanya upya kionjo chake. Kanuni moja, sekunde 70, na katikati kimya cha sekunde nne pale barua inapokunjwa. Mpigaji alilipwa chini ya alicholipwa msanifu wa jalada. Karatasi yao ya ukurasa mmoja iko kwenye faili moja na mkataba wa mchapishaji, na kionjo kina sauti hadi leo.